Nyuma ya Ukuta wa Matairi

Mwezi uliopita, nyumbani Piyaya, nilimwona kaka yangu Lemayian akila nyama mbele yangu. Kwa watu wengine hiyo si habari hata kidogo. Lakini kwetu morani hali nyama iliyoonwa na wanawake, na hali peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika, yaani kijana aliyetahiriwa msimu mmoja na yeye. Miaka yote ya umorani wake nilijua kwamba anakula kama ninavyojua kwamba mwezi una upande wa nyuma. Sasa rika lake limeshaachiliwa kutoka umorani, amenyolewa zile nywele ndefu, na alikuwa amekaa mlangoni kwa yeyo, mama yetu, anatafuna ubavu wa mbuzi huku mafuta yakimtiririka kidevuni. Nikamkodolea macho kama mtoto. Akasema, mdomo ukiwa umejaa, "Na yule mwenzangu wa Karatu, hajambo?" Wanawake wote wakanigeukia. Nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na bado mtu akigusia siku ile ya vigari masikio yangu yanawaka moto. Nimeamua kuiandika yote, labda ikikaa kwenye karatasi itaniacha.

Ilikuwa mwaka wangu wa kidato cha pili. Nilikuwa nasoma shule ya bweni Karatu, na watu walinijua kama yule Mmasai asiyeongea. Si kwamba sikujua kuongea. Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kimenyooka mno, na nilipofungua mdomo wasichana wa bwenini walicheka, si kwa ubaya, wakasema naongea kama taarifa ya habari. Basi nikawa nanyamaza. Aliyenikalia karibu bila kuchoka ni Paskalina, Mwiraqw wa hapo hapo Karatu, msichana anayeongea hata akiwa anapiga mswaki. Jumapili tukipewa ruhusa alinipeleka kwao. Mpaka leo nikifumba macho naliona jiko la mama yake: kuta nyeusi kwa moshi, dirisha dogo linaloangalia shamba la ngano la jirani, sufuria ya makande ikiguna polepole, na maziwa mgando kwenye kibuyu ambayo Mama Paskalina alinimiminia akisema, "Kunywa mwanangu, ng'ombe ni ng'ombe, wa Mwiraqw na wa Mmasai wote wanakula majani." Nilikaa kwenye kigoda, mgongo ukiwa ukutani, nikasikiliza. Pale ndipo nilipojifunza kwamba nyumba inaweza kuwa na kelele na bado isiwe na ugomvi.

Na pale ndipo nilipomwona Tluway, kaka yake Paskalina. Alikuwa anasoma chuo cha utalii Arusha, anarudi mwisho wa wiki na nguo zake chafu kwenye begi. Sitapamba: nilimpenda. Nasema nilimpenda kwa maana ya kwamba akiingia jikoni nilisahau kijiko kiko mkono gani. Yeye hakufanya lolote la kunipa sababu. Alinisalimia, akaniuliza hesabu zinaendaje, akasubiri jibu mpaka likatoka. Basi. Lakini kwa mtu aliyezoea kumaliziwa sentensi na wenzake, kusubiriwa ni jambo kubwa. Sikumwambia mtu. Hata Paskalina sikumwambia, na usiri huo haukuwa rahisi, kwa sababu Paskalina anauliza.

Likizo ya mwezi wa sita ikakaribia. Walimu wakasema kidato cha pili tutabaki kwa masomo ya ziada, maana mtihani wa taifa ulikuwa unatungoja na hesabu zetu zilikuwa aibu ya wilaya, kama alivyosema mwalimu. Ila bweni lingefungwa kukarabatiwa. Kila mtu atafute pa kukaa. Mama Paskalina hakusubiri niombe. Alisema nitakaa kwake. Mimi nilijua jambo haliko rahisi hivyo, lazima baba akubali. Nikirudi Piyaya wiki zile, masomo yatanipita, nitafeli, na msichana akifeli kidato cha pili kwetu hakuna anayekaa kikao kujadili afanye nini baadaye, inajulikana. Nikampigia baba simu. Alipanda kilimani penye mtandao, akanisikiliza, upepo ukivuma kwenye simu, kisha akasema, "Watu hao siwajui. Lemayian atakuja kuwaona. Akirudi na wewe, umerudi. Akirudi peke yake, umebaki." Akakata. Maisha yangu yote yakawa mikononi mwa kaka ambaye hajawahi kukaa darasani, na ambaye Kiswahili chake nilidhani kinaishia kwenye bei ya mbuzi mnadani.

Jioni niliyowapelekea habari hiyo nilisikia wazazi wa Paskalina wakishauriana chumbani kwao. Ukuta wa nyumba ile hauzuii kitu. "Aje hapa nyumbani, tumpikie," alisema baba yake, ambaye ni dereva wa watalii na anajua kila jiwe la kreta ya wanyama. "Hapa?" mama akajibu. "Hapa aone nini, Margwe? Banda la kuku? Nyumba kila mtu anayo. Mgeni wa heshima anatolewa matembezi. Tumpeleke pale penye vigari." Pale penye vigari palikuwa pamefunguliwa mwaka ule pembeni ya lami, kituo cha michezo cha familia, na Karatu nzima ilikuwa inapazungumzia: vigari vidogo vya mashindano, mashine za gemu zenye taa, bembea ya kupepea, kuku na chipsi. Kwa Mama Paskalina, kumpeleka mtu pale ilikuwa ni kumwambia wewe ni mtu mkubwa. Nililala nikijua wanakosea. Kwetu ukitumwa kuwatazama watu unakwenda kutazama boma: ng'ombe wanalala wapi, mlango unafungwaje, mama wa nyumba anaongeaje na watoto. Hutazami watu wakizunguka kwenye matairi. Lakini ningemwambiaje mama yule, kwa kinywa changu hiki, kwamba heshima yake si heshima?

Lemayian alifika Jumamosi asubuhi. Alikuwa ametembea kutoka bomani mpaka barabara ya Malambo, akapata lori, akavuka ukungu wa mdomo wa kreta akiwa juu ya magunia, na tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni. Alikuwa ametengenezwa: shuka mbili nyekundu, nywele zimesukwa na kupakwa udongo mwekundu, shanga, sime kiunoni, fimbo. Nyumbani akipita hivyo wasichana wanaanza kuimba. Pale getini penye vigari, chini ya kibao chenye katuni ya simba anayeendesha gari, mlinzi alisema, "Mzee wa kazi, sime haiingii." Lemayian akaniangalia. Nikatafsiri. Akasema kwa Kimaa kwamba hajawahi kumpa mtu sime yake na hataanza kwa mtu aliyevaa filimbi shingoni. Nyuma yetu foleni ikaanza kuguna. Wavulana watatu wa darasani kwangu walikuwa humo, na mmoja akasema kwa sauti, "Naserian, leo ni shoo ya ngoma au?" Nilitamani lami inimeze.

Ni Tluway aliyetatua. Alimchukua Lemayian mpaka kwenye gari la baba yake, akafungua buti, akamwachia aiweke sime mwenyewe, akafunga, kisha akampa Lemayian ufunguo wa buti. Lemayian akautazama ule ufunguo, akaufunga kwenye ncha ya shuka. Fimbo nikapewa mimi. Kwa hiyo niliingia mle ndani nikiwa na sketi ya shule na fimbo ya mchungaji, mashine zinalia pande zote, risasi za uongo, magari ya uongo, mwanamke wa kwenye kioo anapiga kelele za ushindi, watoto wanaingiza koini na kupiga vitufe kama wanaua siafu. "Mchungaji mwema," Paskalina akaninong'oneza, na mimi sikuweza hata kucheka.

Lemayian alisimama kwenye uzio wa uwanja wa vigari, mguu mmoja umeegemezwa kwenye goti la mwingine, akatazama. Baba Paskalina akamkaribisha apande. "Muulize," Lemayian aliniambia, "wanakwenda wapi?" Nikauliza. "Hawaendi popote," Baba Paskalina akacheka, "wanazunguka tu, wanarudi pale pale." Lemayian akatikisa kichwa kwa adabu, kama unavyomtikisia kichwa mgonjwa anayekueleza ndoto yake. Hata hivyo mhudumu alishasema shuka itanaswa na tairi. Ndipo Mama Paskalina, kwa wema wake ambao haukujua pa kuishia, akasema, "Naserian basi apande! Tluway, mchukue kwenye kile cha viti viwili."

Sikukataa. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko nipendavyo. Nilimrudishia Lemayian fimbo, nikavikwa kofia ngumu yenye harufu ya vichwa vya watu wote wa Karatu, nikakaa, magoti yangu yakigusa bati, na Tluway akakanyaga. Ardhi ilikuwa karibu mno. Kona ya kwanza nilishika bati, ya pili nikamshika yeye mkono, na nikacheka. Si kicheko changu cha kiganjani. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na kila tulipopita penye uzio nilisikia sauti hiyo ikinitangulia. Mzunguko wa mwisho nilimwona kaka yangu. Hakuwa anatazama vigari tena. Nikadhani ana njaa.

Na njaa alikuwa nayo, maana tulipokaa mezani Mama Paskalina alishaagiza: kuku wazima wawili, chipsi mlima, soda. Akamsogezea Lemayian paja kwa mkono wake mwenyewe. "Kula mwanangu, umetoka mbali." Lemayian akaweka mikono mapajani. Mama akasogeza tena. Lemayian akatazama mbali, kwenye mashine. Uso wa mama ukaanza kubadilika. Kwa Wairaqw ukikataa chakula cha mtu umemwambia jambo zito. Nilipaswa kusema. Kuku, kwanza, morani hali. Na hata angekuwa mbuzi, ameshaonwa na wanawake watatu, na aliyeandika oda ni wa nne. Maneno yote nilikuwa nayo, yamepangwa kwa Kiswahili changu kilichonyooka, na yalikaa pale pale shingoni.

Baba Paskalina akaniokoa, kama kuokoa ni huko. Alijifuta mikono, akakohoa, akaongea kwa ile sauti ya kwenye gari la watalii, inayopandishwa ili mtu wa kiti cha nyuma asikie. "Jamani, hapa kuna utamaduni. Huyu mnayemwona ni morani. Morani hali mbele ya wanawake. Anaishi porini na wenzake, anakula nyama, anakunywa damu, analinda mifugo dhidi ya simba..." Meza ya jirani ikanyamaza kusikiliza. Mtu mmoja akainua simu akapiga picha. Wale wavulana wa darasani walikuja na chipsi zao wakasimama. Lemayian hakuelewa maneno yote, lakini sauti ile aliijua. Amesimama mara ngapi mbele ya magari akielezwa. "Anasema nini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Anasema una njaa."

Tluway alikuwa ameenda mzunguko mwingine na ndiyo kwanza anarudi kutoka uwanjani, kofia ingali kichwani. Lemayian akamwelekezea kidevu, akaniambia kwa Kimaa, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi: "Muulize yule ametahiriwa mwaka gani."

Nilihisi damu ikishuka mpaka kwenye soksi. Nielewe vizuri msomaji: hilo ndilo swali ambalo morani yeyote angeuliza kabla ya kula na mtu asiyemjua. Halina matusi ndani yake. Lakini lisiulizwe na msichana, wala mezani penye mama wa watu, wala kwa yule, kati ya vijana wote wa dunia, yule. "Amesemaje?" Mama Paskalina akauliza, macho yamelowa. "Eeh, amesemaje?" Paskalina naye. Nikajua nisipouliza, Lemayian hatakula. Asipokula, mama huyu hatasahau. Na kaka yangu atapanda lori jioni akiwa na njaa na mimi nikiwa pembeni yake. Nikasimama. Nikasema, nikiangalia viatu vya Tluway, "Kaka anauliza ulitahiriwa mwaka gani."

"Eti nini?" Tluway akasema. Kofia ile ilikuwa imemziba masikio. Nikarudia kwa sauti zaidi. "Sikusikii, ngoja," akasema, akihangaika na kamba chini ya kidevu, na mimi kwa wazimu sikungoja, nikasema mara ya tatu, kwa sauti ya taarifa ya habari, meza zote zikasikia, mashine zikasikia. Kofia ikatoka. Wale wavulana walilala juu ya meza kwa kicheko. Paskalina alijifunika uso na leso. "Yesu na Maria," mama yake alisema.

Tluway hakucheka. Alimtazama Lemayian, si mimi. "Mwambie nilipomaliza darasa la saba," akasema. "Hospitali." Nikatafsiri. Lemayian akahesabu misimu kwa vidole, akaridhika, kisha: "Alilia?" Hata hilo nikalitafsiri, nilikuwa nimeshakufa, maiti haogopi. "Mwambie kisu sikukisikia," Tluway akajibu, "ila sindano ya ganzi nililia mpaka nesi akaniimbia." Lemayian akacheka. Alicheka mpaka shanga zikalia. Tluway akasema, "Hii kuku iacheni, mmeshaiona. Nyuma kuna jamaa anachoma mbuzi." Akaenda mwenyewe kwa mchomaji, akarudi na sinia limefunikwa, na wawili wale wakazunguka uwanja wakapotelea nyuma ya ukuta wa matairi yaliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Tulikaa mezani tukitazama moshi wa vigari. Mara moja moja kilisikika kicheko kutoka kule nyuma. Mama Paskalina alikula chipsi moja moja, mwishowe akasema, "Basi angalau anakula," na akanishika mkono chini ya meza. Wema ule ulinitia aibu kuliko vicheko vyote.

Walipotokea, mikono imefutwa kwenye nyasi, Lemayian akasema anataka kuona nyumba. Mama Paskalina aliruka kama ameungua. Nyumba haikufagiliwa, nguo ziko kwenye kamba! Lakini tulikwenda. Lemayian alisukuma mlango wa chumba cha Paskalina, akafunga komeo, akafungua, akafunga tena. Alitazama kitanda. Alienda bandani akamkuta ng'ombe wa Mama Paskalina, akampapasa nundu, akasema neno ambalo nilimtafsiria mama kwa raha, la pekee siku hiyo: kwamba ng'ombe huyu ana mwenyewe, yaani anatunzwa. Mama akalia kabisa. Akamimina maziwa mgando, na Lemayian akayachukua, akaenda nayo nyuma ya banda, na Tluway akamfuata bila kuambiwa.

Nilimsindikiza kaka mpaka penye njia, chini ya mikaratusi. Vumbi jekundu lilikuwa limepanda mpaka kwenye majani. "Utabaki," akasema. Nilitaka kumrukia, lakini hatufanyi hivyo; nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja juu yake. Akakiacha hapo muda mrefu kuliko kawaida.

"Yule Tluway nimekula naye," akasema. "Nimemwambia wewe ni dada yake sasa. Nimemkabidhi. Akasema sawa."

Kichwa changu kilikuwa bado chini ya kiganja. "Umemwambiaje? Hajui Kimaa."

"Kwa Kiswahili."

"Kiswahili chako kilitosha?"

"Kwa jambo hilo kilitosha."

Nilisimama pale nikalifikiria hilo, na liliponiingia akilini, nikahisi uso mzima umekufa ganzi. Kama kilitosha kwa hilo, kingetosha kuuliza mwaka. Angeweza kumuuliza Tluway mwenyewe, nyuma ya matairi, bila mtu. "Kwa nini uliniambia mimi niulize?"

"Nilikuona kwenye kigari," Lemayian akasema. "Nilitaka nione utamwulizaje." Akaondoa kiganja, akaichukua fimbo yake. "Ulimwuliza kama mtu aliyebeba yai mdomoni."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuiweka aibu yangu. Alikuwa amenionea huruma, akafanya kazi aliyotumwa, na kwa sinia moja la mbuzi alinifungulia mlango wa ile nyumba na kunifungia mwingine ambao nilidhani hakuna anayejua upo. Nilifaulu mtihani ule. Nimefika kidato cha nne kwa sababu ya Jumamosi ile. Nalijua hilo, na silijutii, na bado.

Tluway alikuja kutoka nyumbani na sime mkononi, imefungwa kwenye ala yake. Alikuwa amemwomba Lemayian ufunguo ili akaitoe. Alimkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakusubiri nimalize kutafuta pa kuangalia.

"Twende nyumbani, dada," akasema, kwa moyo wake wote.

Nikaitika.